Mkoba Uliopauka

Katika mji wa Mwanza, karibu na mwambao wa Ziwa Victoria, palikuwa na fundi mmoja wa ngozi aliyekuwa na banda lake kando ya njia iendayo sokoni. Kazi yake ilikuwa kushona viatu, kukata mikanda, na kutengeneza mikoba iliyochakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kwamba kitu kimepona ilhali hakijapona. Alikuwa na mwanagenzi mmoja, kijana wa miaka 16, aliyeipenda kazi lakini hakupenda kungoja.

Siku moja asubuhi mama mmoja alifika bandani amechukua kitu kilichofungwa katika khanga. Wakaamkiana, akakaa kigodani, akaifungua khanga. Ndani mlikuwa na mkoba wa ngozi, wa namna ile waliyoichukua walimu wa zamani, wenye kifuniko kipana na bizimu mbili za shaba.

“Mzee,” alisema, “mkoba huu ulikuwa wa marehemu baba. Alikuwa mwalimu huko Sengerema. Miaka mingi alivuka maji nao kwa kivuko, kutoka Busisi mpaka Kigongo, akija Mwanza kuchukua vitabu vya shule. Siku hizo daraja halikuwapo. Alipofariki niliutundika ukutani karibu na dirisha, ili kila aingiaye auone. Sasa utazame ulivyo. Mwezi ujao ndugu zetu wote watakusanyika, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye naye amekuwa mwalimu, atakabidhiwa mkoba wa baba. Sipendi aupokee ukiwa hivi.”

Fundi aliugeuzageuza mkoba. Upande wa mbele ulikuwa umepauka kama majani makavu ya kiangazi. Lakini alipofunua kifuniko, aliona chini yake rangi ya zamani ingaliko, kahawia iliyokolea kama mbegu ya ukwaju. Akautazama na mshikio. Huo haukupauka, ulikuwa umekuwa karibu mweusi kwa jasho na mafuta ya mkono ulioushika miaka mingi.

“Mama,” fundi aliuliza, “wataka uwe mkoba mpya, au uwe mkoba wa baba yako?”

Yule mama alifikiri kidogo. “Uwe mkoba wa baba,” akajibu.

“Basi, niachie majuma mawili.”

Ili kuifahamu kazi iliyomkabili fundi huyo, yafaa kujua kwanza ngozi ni kitu gani, na rangi huingiaje ndani yake.

Ngozi mbichi ya mnyama ikiachwa hivi hivi huoza. Ikianikwa juani bila ya dawa hukauka, ikawa ngumu kama ubao. Wasukuma, ambao tangu zamani ni wafugaji wa ng'ombe, waliitumia ngozi kavu ya namna hiyo kwa kuwamba ngoma na kwa malazi. Lakini kwa viatu na mikoba hutakiwa ngozi iliyodabighiwa. Kudabighi ni kuitia ngozi dawa ili nyuzinyuzi zake zisioze tena, nayo iwe laini na yenye nguvu. Dawa ya tangu kale ni maji makali ya magome ya miti. Huko pwani yalitumika magome ya mikoko, na katika nyanda za juu za Njombe hupandwa miwati kwa ajili ya magome yake. Baadaye viwanda vingi vilianza kutumia chumvi za madini yaitwayo kromu, maana kazi yake ni ya upesi zaidi.

Mwanza ni mji ulioizoea biashara ya ngozi. Reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, ngozi za ng'ombe zilisafirishwa kwa gari la moshi pamoja na pamba. Baada ya uhuru mji ulikuwa na kiwanda cha kudabighi, kimoja katika vile vitatu vikubwa vya Tanzania. Vingine viwili vilikuwa Moshi na Morogoro.

Ngozi ikiisha kudabighiwa hutiwa rangi. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuipaka juu yake rangi nzito, kama mtu apakaye ukuta chokaa. Rangi hiyo hufunika vitundu vya manyoya, makovu ya miiba na alama za kupe. Ngozi huonekana sawasawa pote, na hustahimili jua na maji, lakini uso wake wa asili hauonekani tena.

Njia ya pili ni kuitia ngozi katika pipa kubwa lizungukalo, lenye maji na rangi iliyoyeyuka kabisa. Ngozi huinywa rangi ile mpaka ikaingia ndani ya nyuzinyuzi zake, wala hakuna tabaka nzito juu. Kila kitundu cha manyoya huonekana, na mtu akiipapasa huigusa ngozi yenyewe. Ngozi ya namna hii huitwa ngozi ya anilini. Kwa kuwa haina kifuniko, huchaguliwa ngozi isiyo na makovu mengi, na kwa hiyo bei yake ni kubwa. Mkoba wa yule mwalimu ulikuwa wa namna hii ya pili.

Jina anilini lasikika kuwa geni, lakini lina udugu na neno ambalo Waswahili wamelitumia siku nyingi, yaani nili. Zamani nili, ile rangi ya buluu, ilipatikana kwa majani ya mmea uitwao mnili. Jina hili lilitoka Bara Hindi katika lugha ya Kisanskriti. Waarabu wakalichukua, na Wareno nao wakaliita anil. Mwaka 1826 Mjerumani mmoja, Otto Unverdorben, aliichoma nili katika chombo, akaukusanya mvuke wake, akapata kioevu kisicho na rangi. Mwaka 1834 Mjerumani mwingine, Friedlieb Ferdinand Runge, alikipata kitu kile kile katika lami ya makaa ya mawe. Halafu Carl Julius Fritzsche akakiita anilini, kwa kukumbuka nili kilikotoka.

Mwaka 1856 kijana mmoja wa London aliyeitwa William Henry Perkin, mwenye miaka 18 tu, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, ugonjwa ambao watu wa mwambao wa ziwa waujua sana. Kwinini hakuipata. Katika chombo chake kilibaki kitu cheusi kisichopendeza. Alipokiosha chombo kile kwa spiriti, spiriti iligeuka ikawa rangi ya zambarau. Perkin hakuimwaga. Aliijaribu juu ya kitambaa cha hariri, akaona kwamba rangi yashika vizuri. Hiyo ndiyo rangi ya kwanza ya kutengenezwa na wakemia iliyopata soko kubwa, na baada yake zilifuata rangi nyingine nyingi. Leo rangi nyingi zitiwazo katika ngozi hazitoki tena katika anilini yenyewe, lakini jina limebaki.

Sasa yafaa kueleza kwa nini mkoba ule ulipauka. Rangi ya ngozi ni kundi la molekuli, yaani chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mwangaza wa jua una nguvu, na hasa ile miali isiyoonekana iliyo zaidi ya urujuani. Miali hii ikipiga molekuli za rangi siku kwa siku, huzivunja moja baada ya moja, na molekuli iliyovunjika haina rangi tena. Ngozi iliyopakwa rangi nzito ina ngao juu yake, lakini ngozi ya anilini haina.

Tena jua la Mwanza ni kali. Mji huu uko kusini ya ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu, na uso wa ziwa uko kimo cha mita 1,134 hivi juu ya bahari. Jua likishuka jioni, mwangaza hurudishwa na maji pia, ukaingia nyumbani kwa nguvu. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya miali ile mibaya, lakini hakiizuii yote. Zaidi ya hayo, joto hukausha mafuta yaliyomo katika ngozi, na ngozi kavu huonekana nyeupe zaidi kuliko ilivyo. Basi yule mama, kwa kuutundika mkoba mahali pa heshima, aliuweka mahali pabaya kuliko pote nyumbani mwake.

Siku ya pili fundi alitakiwa kwenda Misungwi kutazama ngozi za kununua. Alimwambia mwanagenzi, “Mkoba huu usiuguse mpaka nirudi.” Kisha akaenda zake.

Kijana alikaa siku nzima akiutazama. Moyoni mwake aliwaza, “Kitu kilichopauka chataka mafuta tu. Nikiung'arisha, mzee atakaporudi atafurahi.” Usiku, kwa mwanga wa taa, alichukua kopo la dawa ya viatu ya kahawia na mafuta ya ng'ombe, akavichanganya, akaupaka mkoba na kuusugua kwa nguvu. Ukang'aa. Akalala kwa furaha.

Asubuhi alipoutoa mlangoni penye mwangaza, alishikwa na hofu. Mahali pengine mafuta yalikuwa yamezama na kufanya mabaka meusi. Pengine hayakuingia, pakabaki peupe vile vile. Mkoba wote ulikuwa na madoa kama mgongo wa fisi. Alijaribu kuyafuta kwa kitambaa, lakini yalizidi kuenea.

Mchana kutwa alifikiri la kufanya. Angeweza kusema kwamba mkoba uliletwa na mabaka yake, maana fundi aliutazama kwa muda mfupi tu. Angeweza pia kuuficha chini ya ngozi nyingine na kungoja. Lakini kila alipoyawaza hayo alimkumbuka yule mama alivyoufungua mkoba katika khanga, kama mtu afunguaye mtoto mchanga.

Fundi aliporudi jioni, kijana alimwamkia, na kabla hajaketi akamwambia, “Mzee, nimeugusa mkoba. Nimeupaka mafuta na dawa ya viatu, nao umeharibika.”

Fundi aliuchukua mkoba, akaupeleka mlangoni, akautazama kwa muda mrefu. “Umefanya vibaya kuugusa,” alisema, “na umefanya vyema kusema. Kama ungalificha, ningalitia rangi juu ya mafuta haya bila ya kujua. Rangi haipiti penye mafuta. Ingalishika huku na kukataa kule, na hapo mkoba ungalipotea kabisa. Sasa huenda ukapona. Lakini mwenyewe hana budi kuambiwa, nawe ndiwe utakayekwenda kumwambia.”

Asubuhi kijana alipanda mlimani, katikati ya mawe makubwa, mpaka nyumba ya yule mama. Alimwamkia kwa adabu na kumweleza yote, hata jambo la kukatazwa asiuguse. Yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Baba alikuwa hafuti makosa ya wanafunzi wake. Aliwarudishia daftari wakayafute wenyewe. Nenda, mwanangu, ukalifute lako.”

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatoa mafuta. Fundi alimpa kijana kitambaa kilicholowa spiriti kidogo sana, akamwonyesha namna ya kugusa na kuinua pasipo kusugua. “Spiriti huondoa mafuta,” alisema, “lakini huondoa na rangi. Ukiizidisha, utaponya jeraha moja na kutia jingine.” Kisha wakasaga chaki ikawa unga laini, wakaimwagia juu ya mabaka, wakaiacha usiku kucha. Unga wa chaki huyanywa mafuta polepole. Asubuhi waliupangusa kwa brashi, wakaweka unga mwingine. Walifanya hivyo siku 4. Kila siku unga uliopanguswa ulikuwa na rangi ya udongo, na mabaka yalizidi kupungua.

Ndipo ilipoanza kazi yenyewe ya kuirudisha rangi. Fundi aliifanya kwa utaratibu, na kila hatua alimweleza kijana sababu yake.

Kwanza, kujaribu. Mahali pasipoonekana, chini ya mkoba, fundi alitia tone moja la maji. Tone likanywewa upesi, na ngozi ikawa nyeusi mahali pale. Hii ni dalili ya ngozi ya anilini. Kama tone lingalikaa juu kama umande juu ya jani la yungiyungi, ingalikuwa dalili kwamba ngozi ina kifuniko, na kazi yake ingalikuwa nyingine.

Pili, kusafisha. Alitumia sabuni laini na maji kidogo, akapangusa upande wote kwa mara moja, toka mshono mpaka mshono. Hakusafisha doa moja moja, maana maji yakitiwa mahali pamoja katika ngozi ya namna hii huacha duara yakikauka. Kisha aliuweka mkoba kivulini penye upepo. Ngozi iliyolowa haianikwi juani wala kuwekwa karibu na moto, kwa sababu hukunjamana na kuwa ngumu.

Tatu, kulinganisha rangi. Fundi alikata vipande vidogo vya ngozi isiyotiwa rangi, akachanganya kahawia na nyekundu kidogo, akajaribu juu yake. Kijana alitaka kuamua mara ile ile, lakini fundi alimzuia. “Rangi iliyolowa husema uwongo,” alisema. “Ngoja ikauke. Na usiitazame kwa taa, kwa maana wewe wajua taa ilivyokudanganya.” Wakakilinganisha kila kipande, kikiisha kukauka, na ile sehemu iliyokuwa chini ya kifuniko, mchana mlangoni. Cha 7 ndicho kilichokaribia. Fundi akaiongezea maji rangi ile, ikawa nyepesi kuliko ilivyotakiwa. Sababu yake ni kwamba rangi iliyopungua huweza kuongezwa, lakini iliyozidi hairudishwi. Ngozi huweza kukolezwa. Kufanywa nyeupe tena haiwezekani pasipo kuiharibu.

Nne, kutia rangi. Alichovya sifongo, akaikamua, akapaka tabaka nyembamba kwa mizunguko midogo, pasipo kusimama katikati ya upande, ili usibaki mpaka wa tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ilipokauka, mkoba ulionekana karibu kama zamani, yaani umepauka. Kijana alihuzunika. Lakini ya pili ilikoleza kidogo, na ya tatu zaidi, na baada ya siku 3 na tabaka 6, kahawia ya mbegu ya ukwaju ilikuwa imerudi. Vitundu vya manyoya vilionekana vyote, na mikwaruzo midogo ya safari za mwalimu ilibaki mahali pake. Haikuwa juu ya ngozi kama chokaa. Ilikuwa ndani yake.

Tano, kupangusa. Walisugua kwa kitambaa cheupe kikavu mpaka kitambaa kikatoka safi. Rangi isiyoshika ikiachwa juu, huchafua nguo za mwenye mkoba siku ya mvua.

Sita, kulisha ngozi. Sasa ndipo yalipofika mafuta, yale laini yaliyotengenezwa kwa ngozi, pamoja na nta kidogo. Kijana alitambua kwamba kosa lake halikuwa la mafuta yenyewe. Mafuta yana kazi yake, lakini yeye aliyaleta wa kwanza ilhali ni ya mwisho.

Katika kazi hii fundi alikuwa na sharti jingine asilolivunja. Alivaa mipira ya mikono, akafungua mlango na dirisha, wala hakuruhusu chakula kiwekwe karibu na rangi. Anilini yenyewe ni sumu. Huweza kupita katika ngozi ya mtu na kuifanya damu ishindwe kuchukua hewa vizuri. Rangi za ngozi si anilini tupu, lakini baadhi yake zina hatari zake pia. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku rangi fulani katika nguo na ngozi zigusazo mwili, kwa kuwa huweza kutoa vitu viletavyo saratani. Fundi mwenye akili hununua rangi yenye jina na maelezo juu ya chombo chake, wala hanunui unga usiojulikana.

Ulibaki mshikio. Kijana aliuliza, “Mzee, na huu mweusi tuufanyeje? Tuusafishe ufanane na mkoba?”

Fundi alitikisa kichwa. “Jua liliondoa rangi ya mkoba, nasi tumeirudisha. Lakini weusi huu haukuletwa na jua. Huu ni mkono wa mwalimu. Tukiuondoa, yule mama atapokea mkoba mzuri wa mtu mwingine.” Basi wakaupangusa vumbi tu, wakauacha.

Majuma mawili yalipotimia yule mama alikuja. Alipouona mkoba alisimama mlangoni, kisha akaushika kwa mshikio, mkono wake ukakaa juu ya ile alama nyeusi. Hakusema neno kwa muda.

Fundi alimwambia, “Mama, sitakuficha. Haukurudi kama siku ulipotoka dukani. Ukifunua kifuniko na kutazama kwa makini, utaona tofauti kidogo. Na rangi hii nayo ni rangi ya kuyeyuka kama ile ya kwanza. Ukiutundika tena pale dirishani, itapauka kama ile.”

Kijana naye alisogea mbele. “Na hapa pembeni, mama, pamebaki doa langu,” alisema, akaonyesha baka dogo lenye upana wa shilingi. “Chaki haikuweza kulitoa lote.”

Yule mama alilitazama, akapitisha kidole juu yake. “Umelifuta kadiri ulivyoweza,” alisema. “Hata katika daftari nzuri huonekana mahali palipofutwa.” Akalipa fedha, akaufunga mkoba katika khanga, akaaga.

Mkoba ule haukurudi ukutani. Siku ya mkutano wa ndugu ulikabidhiwa kwa yule mdogo wa mwisho, naye akatia ndani yake vitabu na madaftari ya wanafunzi. Huulinda na mvua kwa mfuko, haukalishi juani, na kila baada ya miezi michache huupangusa kwa mafuta kidogo. Kivuko cha Kigongo hakihitaji tena kukingoja, kwa kuwa mwaka 2025 lilifunguliwa daraja refu la kama kilomita 3, na gari huvuka ghuba kwa dakika chache. Juu ya daraja hilo mkoba wa baba yake hupita maji yale yale, kutoka Sengerema kwenda Mwanza na kurudi.

Na bandani mwa fundi, ikitokea mteja kuleta ngozi iliyopauka na kutaka ing'arishwe upesi kwa mafuta, yule mwanagenzi ndiye amwambiaye kwanza, “Tafadhali, tuijaribu kwa tone la maji.”

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya ngozi iliyopakwa rangi nzito na ngozi ya anilini?
2. Eleza udugu wa neno anilini na neno nili.
3. Perkin alikuwa akitafuta nini mwaka 1856, naye alipata nini? Kwa nini yafaa kusema kwamba hakuimwaga bahati yake?
4. Taja sababu tatu zilizofanya mkoba upauke nyumbani kwa yule mama.
5. Kwa nini mafuta hayatiwi kabla ya rangi?
6. Kwa nini fundi alitengeneza rangi iliyo nyepesi kuliko aliyoitaka?
7. Ingekuwaje kama kijana angalificha kosa lake? Jibu kwa habari za ngozi, kisha kwa habari za watu.
8. Fundi aliuacha mshikio ulivyo. Je, alifanya vema? Toa sababu zako.